Chaji inaisha haraka wakati wa baridi: anza na hita kabla ya kulaumu betri

Asubuhi moja ya Januari dada mmoja tunayesali naye alinipigia simu akiwa ndio kwanza amerudi kutoka zamu ya usiku. "Kaka, hili gari la umeme ulilonishauri ninunue, betri imekufa. Jana nimetoka nyumbani na asilimia 80. Nimekwenda kazini, nimerudi, basi. Nina 42."

Kutoka kwake hadi kazini ni maili 12, yaani kilomita 19 hivi. Kwa hiyo kilomita 38 za kwenda na kurudi zilikula asilimia 38 za betri yenye kWh 38 (kilowati-saa, yaani uniti za umeme) za kutumika. Ukipiga hesabu ni kama kWh 14. Wakati wa kiangazi gari hilohilo, kwa njia hiyohiyo, hula chini ya nusu ya hapo. Alikuwa tayari ameshapanga kulipeleka kwa fundi na kulipia kipimo cha betri.

Nilimwomba asubiri. Jioni tukakaa ndani ya gari lake tukaisoma skrini pamoja. Betri ilikuwa nzima. Karibu nusu ya umeme ule ulikuwa umekwenda kwenye joto la ndani ya gari.

Naandika nikiwa Minnesota, ambako usiku wa Januari kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na zipo siku za nyuzi 25 chini na zaidi. Simu kama ile nimezipokea nyingi. Nimeziandika hapa kwa dalili, ili ukiona yako uende moja kwa moja. Lakini tafadhali soma kwanza sehemu mbili zinazofuata, kwa sababu ukizielewa hizo, nusu ya matatizo utayatatua bila kumuuliza mtu.

Joto hulipiwa kwa dakika

Injini ya petroli hutupa takriban theluthi mbili za nishati ya mafuta kama joto, kupitia ekzosi na rejeta. Hita ya gari la petroli huchota tu kwenye joto ambalo lingepotea hata hivyo. Ndiyo maana hatukuwahi kulihesabu. Mota ya umeme haina uchafu huo: sehemu kubwa sana ya umeme inakwenda kwenye magurudumu, na joto linalobaki halitoshi kumpasha mtu. Kwa hiyo kila joto unalolisikia miguuni limenunuliwa kutoka kwenye betri.

Magari mengi ya mtumba yana hita inayofanya kazi kama birika la umeme. Ikiwashwa gari likiwa limeganda huvuta kilowati 5 hadi 7. Ndani pakishapata joto hushuka, na kulishikilia joto hilo huhitaji kilowati 1.5 hadi 4 kutegemea ukali wa baridi.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Hita haijui kilomita, inajua saa. Chukua hita inayovuta kilowati 2. Ukienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu, inakuongezea kWh 2.5 kwa kila kilomita 100, na hutaisikia sana. Ukienda kilomita 20 kwa saa kwenye foleni ya theluji, hita ileile inakuongezea kWh 10 kwa kila kilomita 100. Hita haijabadilika hata kidogo. Wewe ndiye umekaa nayo muda mrefu zaidi kwa kila kilomita.

Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Hita zikiwa zimezimwa, umbali wa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita zilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo sababu ya kuandika makala hii: baridi peke yake inachukua sehemu ndogo, ila kuikimbia ndiko kunakogharimu.

Ndugu walio Mombasa na Dar es Salaam huniuliza kama kiyoyozi kitawafanyia hivyo hivyo. Hapana. Kutoka nyuzi 33 hadi 23 ni kazi ya nyuzi 10 tu. Mimi hapa natoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 20 juu yake: nyuzi 40. Na kiyoyozi huhamisha joto tu, hakilitengenezi. Usiache kununua gari la umeme Pwani kwa sababu ya hadithi za Minnesota.

Kipimo cha kwanza, kabla ya kugusa kitu chochote

Magari mengi yana ukurasa unaoonyesha umeme unakwenda wapi: mwendo, hita na kiyoyozi, na vifaa vingine. Utafute. Kisha simamisha gari mahali pa wazi, lisiwe limechomekwa, washa hita kama unavyoitumia siku zote, subiri dakika 20 ndani pakolee, halafu soma hita inavuta kilowati ngapi.

Kama gari lako halina ukurasa huo, andika asilimia ya betri, kaa saa nzima na hita ikiwaka, andika tena. Kwa betri ya kWh 40, kila asilimia 5 ni kWh 2. Ikishuka asilimia 5 kwa saa, hita na vifaa vidogo vinakula kilowati 2. Namba hiyo ihifadhi pamoja na joto la nje la siku hiyo. Ni kama kipimo cha presha ya mwili: kimoja hakisemi mengi, vitatu vinaeleza ugonjwa.

Dalili: safari fupi zinamaliza chaji, safari ndefu hazinisumbui sana

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na ndilo lililompata yule dada. Gari lililolala nje limeganda lote: viti, dashibodi, vioo, bodi. Hita lazima ivipashe vyote kabla wewe hujasikia kitu. Kilowati 5 kwa dakika 10 ni kWh 0.8. Safari ya kilomita 5 kwenda dukani inahitaji karibu hiyohiyo kwa mwendo. Maana yake umelipa safari mara mbili, na pengine umefika dukani kabla gari halijapata joto. Ukikaa dukani saa nzima, limeganda tena, unaanza upya.

Kwa dada, hesabu ilikuwa hivi. Mwendo wenyewe kwenye baridi ile, kama kWh 7.6. Hita kwa safari mbili za dakika 35, karibu kWh 5. Na asubuhi, kabla ya kutoka kazini, aliliwasha gari kwa simu dakika 20 kabla, bila kulichomeka, ili alikute lina joto: kWh 1.7 nyingine. Jumla, kWh 14 na kitu. Hakuna mwizi mwingine.

Dawa yake si kutetemeka. Pasha gari joto likiwa bado limechomekwa nyumbani, ili umeme wa ukutani ndio ulipe ile gharama kubwa ya mwanzo. Unganisha safari: duka, posta na kumchukua mtoto ziwe mfululizo mmoja. Ukipata gereji, hata isiyo na hita, tumia. Gari lililokingwa na upepo linaanza safari likiwa na nafuu ya nyuzi kadhaa. Na mahali ambapo huwezi kuchomeka, usiwashe hita dakika 20 kabla. Dakika 5 zinatosha kulainisha barafu ya kioo, mengine utayamaliza ukiwa njiani.

Dalili: nimesimama kwenye foleni na asilimia zinashuka

Zinashuka kwa sababu saa inakwenda. Hapa ndipo kiti chenye joto kinapokuokoa. Kiti kimoja huvuta wati 50 hadi 100, na usukani wenye joto ni wa kundi hilohilo. Joto la kiti linaingia mwilini moja kwa moja, wakati hita ina kazi ya kupasha hewa yote na vioo vinavyoipoteza nje. Washa kiti na usukani kwanza, kisha teremsha hita hadi nyuzi 18 au 19.

Usitegemee maajabu kwa kuteremsha namba tu, hata hivyo. Nje pakiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kushuka kutoka 24 hadi 19 kunapunguza kazi ya hita kwa kama asilimia 11, maana bado unapambana na tofauti ya nyuzi 39. Nje pakiwa nyuzi 5 juu ya sifuri, kushuka kulekule kunapunguza zaidi ya robo. Kwa hiyo kubana hita kunalipa zaidi Novemba na Machi. Januari kinacholipa ni kupasha gari kabla ya safari likiwa kwenye umeme.

Na watoto wakiwa nyuma, ambako viti vingi havina joto, usibane kabisa.

Dalili: napasha gari likiwa limechomekwa, lakini bado asubuhi chaji imepungua

Angalia umechomeka kwenye nini. Soketi ya kawaida ya Marekani na Kanada, ya volti 120, hutoa kilowati 1.4 hivi. Hita inataka 5. Zile 3.6 zinazopungua zinatoka kwenye betri. Umechomeka ndiyo, lakini ni kama kujaza pipa kwa kikombe huku mtu akichota kwa ndoo. Chaja ya volti 240 na ampia 32 hutoa kilowati 7.7, na hapo hita inalipwa yote kutoka ukutani.

Kama huna uwezo wa kuweka chaja hiyo (na wengi wetu tunapanga nyumba, hatumiliki), panga upashaji uwe mrefu na wa polepole gari lako likiruhusu, au upashe kisha uache gari limechomekwa dakika chache ili lirudishe kilichotoka kabla hujaondoka.

Kuna jambo la pili, hasa kwa walio Winnipeg, Edmonton na kwingineko kwenye mbuga za Kanada. Soketi za maegesho mliyopewa zilifungwa kwa ajili ya vipasha injini vya magari ya petroli. Baadhi huwaka na kuzima zenyewe kwa zamu ili kuokoa umeme. Gari linaonyesha limechomekwa, lakini nusu ya usiku halipati kitu. Na baridi ikizidi, magari yenye kipasha betri hutumia kile kidogo kinachoingia kuilinda betri isigande, kwa hiyo unaamka na asilimia ileile uliyolala nayo. Gari halina kosa. Muulize msimamizi wa jengo soketi zinawaka kwa ratiba gani.

Dalili: gari lina pampu ya joto, niliambiwa halitakula umeme, na linakula

Kwanza hakikisha kweli unayo. Nissan Leaf za 2011 na 2012 hazina. Kuanzia ya 2013 baadhi ya matoleo yanayo na mengine hayana. Tesla Model 3 zilizotoka kabla ya toleo la 2021 hazina, wakati Model Y inayo tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2020. Chevrolet Bolt za 2017 hadi 2023 hazikuwekewa. Wauza magari ya mtumba husema "ndiyo" kwa kila swali, kwa hiyo tafuta kwa namba ya chasisi.

Pampu ya joto ni kiyoyozi kilichogeuzwa: kinachota joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani. Kwenye nyuzi 5 au 7 juu ya sifuri, kwa kila kilowati moja ya umeme inaweza kukupa kilowati mbili au tatu za joto. Lakini kadiri nje panavyozidi kuganda, ndivyo inavyokosa cha kuchota. Ukifika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, faida karibu imekwisha na gari linarudi kwenye hita ya birika. Kama ulipimia siku ya baridi kali, basi hujaona ugonjwa, umeona mpaka wa kifaa. Pima tena siku ya nyuzi 5.

Siku hiyo ya nyuzi 5, ikiwa baada ya nusu saa hita bado inavuta kilowati 3 au zaidi, hapo pana jambo. Mara nyingi ni gesi ya mfumo imepungua. Pampu inashindwa, na gari kimyakimya linatumia hita ya ziada bila kukuwashia taa yoyote. Kiangazi utagundua pia kwamba ubaridi umekuwa hafifu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usikubali fundi yeyote ajaze gesi kwa kopo la dukani lenye mafuta ya kompresa ndani. Kompresa ya gari la umeme inaendeshwa kwa volti kubwa, na mafuta yake lazima yawe ya aina isiyopitisha umeme, kwa kawaida ya jamii inayoitwa POE. Mafuta ya PAG ya magari ya petroli yanaharibu kinga hiyo ya umeme, gari linaonyesha hitilafu ya uvujaji wa umeme na linaweza kukataa kuwaka. Kompresa ikichafuliwa, bei yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya gari la zamani. Kopo moja tu.

Kuhusu ule moshi mweupe unaotoka chini ya boneti ukisimama: ni mvuke. Pampu huganda barafu kwa nje na hujiyeyusha yenyewe. Mvuke hauna harufu. Ukisikia harufu ya plastiki au kitu kinachoungua, zima gari, toka na watu wako.

Dalili: hita inapuliza hewa baridi

Angalia mambo madogo kwanza. Hali ya kubana matumizi hupunguza nguvu ya hita kwenye magari mengi, na mengine huikata kabisa betri ikibaki kidogo. Filta ya hewa ya ndani ikijaa vumbi, joto lipo lakini halifiki.

Yasipokuwa hayo, na kama gari lako hupasha maji yanayozunguka, angalia kiwango cha maji hayo kwenye chupa yake, injini ya umeme ikiwa imezimwa na imepoa. Yakipungua, au hewa ikiingia kwenye mabomba, hita hujizima ili isiungue. Pampu ndogo ya kuyazungusha nayo hufa. Ukisikia hewa ya moto upande mmoja na ya baridi upande mwingine, kosa ni kilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi. Zaidi ya hapo kuna hita yenyewe na fyuzi yake ya volti kubwa. Waya wa rangi ya chungwa usiuguse. Huo ni wa fundi aliyesomea magari ya umeme.

Dalili: nikizima hita vioo vinajaa ukungu

Pumzi na viatu vyenye theluji vinaleta unyevu. Kuzungusha hewa ya ndani kunaokoa umeme mwingi kwa sababu hewa hiyo tayari ina joto, lakini unyevu unabaki humo. Tumia mzunguko wa ndani dakika 10 za kwanza, kisha fungua hewa ya nje. Kitufe cha kusafisha kioo cha mbele huwasha hita na kompresa pamoja, feni ikiwa juu; ukikisahau kikiwa kimewaka, umepata tayari maelezo ya kilomita zako. Kung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia. Lakini kati ya kuona barabara na kuokoa asilimia, chagua kuona.

Dalili ambazo kweli ni za betri

Alama ya theluji kwenye skrini, mota kutorudisha umeme kwenye betri ukifunga breki asubuhi, chaji ya haraka inayokwenda polepole: hizo ni za betri yenye baridi. Betri ya lithiamu ikiganda hupokea umeme kwa shida, na gari huzuia chaji ya nguvu ili isiharibike. Januari 2024 huko Chicago magari yalipanga foleni ndefu vituoni, mengine yakaishiwa palepale, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba betri zilifika kituoni bila kupashwa. Weka kituo kwenye ramani ya gari lako kama mwisho wa safari, kama lina uwezo huo, ili lianze kupasha betri kabla hujafika.

Mengine yanayochukua kidogo kidogo: upepo wa tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za kushuka kwa joto, na hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 11 kuliko ya nyuzi 20. Jaza tairi, punguza mwendo kwenye barabara kuu.

Betri iliyochoka kweli inaonekana Mei. Kama siku ya nyuzi 20, hita ikiwa imezimwa, bado hupati kilomita zako, hapo ndipo kulipia kipimo kunapokuwa na maana.

Nikikwama kwenye theluji, je?

Kila anayenipigia simu huishia kuuliza hili kwa sauti ya chini. Ukiwa na nusu ya betri ya kWh 40, una kWh 20 hivi. Hita ikivuta kilowati 2, una saa 10 za joto. Ukibana hadi 1 na kutumia viti, unaongeza nyingi zaidi. Na huna ekzosi inayozibwa na theluji ikakurudishia moshi wa sumu ndani, jambo ambalo limeua watu kwenye magari ya petroli. Hizo saa 10 zipo tu kama hukuondoka nyumbani na asilimia 20. Tangazo la dhoruba likitoka, jaza.

Yule dada tulimpangia gari lianze kujipasha likiwa kwenye chaja, robo saa kabla hajatoka nyumbani. Asubuhi hulipasha dakika 5 tu kabla ya kutoka kazini, na kiti kinabaki kimewaka njia nzima. Wiki iliyofuata, kwenye baridi ya kukaribiana na ile, alifika nyumbani na asilimia 51.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na karatasi yenye vitu vinne: joto la nje, kilowati za hita baada ya dakika 20, urefu wa safari kwa dakika, na kama gari lilikuwa limechomekwa. Fundi mzuri ataanzia hapo.